Vani ya Fundi Bomba Inayonuka Omena

Wangila halizimi gari mpaka mkia wake uguse ukuta. Anarudi nyuma polepole, shingo nje ya dirisha, anarudi tena kidogo, mpaka vani inatoa mlio mdogo wa bati likikutana na mawe. Sasa hata kidole hakiwezi kupita kwenye mlango wa nyuma.

Ni saa moja asubuhi, mapema miaka ya themanini, mtaani Kawangware 46, Nairobi, na mwenye nyumba aliyemwita kurekebisha tangi la maji anamtazama kwa mshangao.

"Sasa fundi, vyombo utavitoa wapi?"

"Huku mbele, mama. Mimi nikisumbuka kidogo, mwizi atasumbuka sana."

Anapanda juu ya kiti, anapenya nyuma kama mtu anayeingia dirishani, anasogeza gunia, kisha anafungua kufuli mbili za sanduku la chuma lililochomelewa sakafuni. Harufu inatoka kabla ya spana. Jirani anayepita na ndoo anaziba pua.

"Wee fundi, umebeba maiti?"

"Ni omena, dagaa tu," Wangila anajibu akicheka. "Ndio askari wangu."

Lazarus Wangila ana miaka arobaini na mmoja. Alitoka Bungoma mwaka wa 1966 akaanza kwa kubeba mabomba begani kwa shilingi nne kwa siku, akiwaangalia mafundi mikono. Vyombo vyake alivinunua kimoja kimoja kwa miaka tisa. Vani ya mitumba aliipata mwaka wa 1979, na siku ya kwanza kuiendesha mkewe Sella alikaa mbele na kitambaa kipya kichwani, wakazunguka mtaa mara tatu bila kwenda popote.

Kilichomponza, anasema mwenyewe, ni rangi.

Miaka miwili iliyopita wateja walikuwa wakilalamika kuwa mafundi hufika mikono mitupu, kisha hurudi nyumbani kufuata koleo hili na tupa ile, siku ikaisha. Wangila akaona hapo ndipo atakapowapita wenzake. Akamwita Kavoi, mchoraji wa vibao, akamwandikia ubavuni mwa vani kwa rangi ya kijani, herufi kubwa kama mkate: VYOMBO VYOTE VIMO NDANI.

"Nilijiona mjanja," anasema. "Kumbe nimewaandikia wezi barua."

Jumapili ya tatu baada ya hapo, aliegesha nje ya kanisa lake huko Kisumu Ndogo, Kibera, mahali alipopanga chumba chake cha kwanza mjini. Alipotoka ibadani, mlango wa nyuma ulikuwa umeng'olewa. Ndani palibaki ufagio.

Jumanne yake alikuwa aanze kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, kuweka mabomba katika nyumba kumi na mbili za tajiri mmoja. Tajiri aliposikia habari hiyo alisema maneno machache tu: Jumanne asubuhi asipoona vyombo, ataita fundi mwingine.

"Sikulia," Wangila anasema. Sella, aliyeketi kando akichambua mchicha, anainua macho. "Ulilia, Baba Lenah. Usimdanganye mwandishi."

Sella ndiye aliyekuwa ameokoa kitu bila kujua. Rangi ya Kavoi ilibaki nusu kopo, naye hapendi kitu kiharibike. Akapaka kila mpini mikanda mitatu ya kijani, ili vyombo vya mumewe visichanganyike na vya wenzake kazini.

Jumatatu mchana, mtu mgeni alipita Kisumu Ndogo na gunia, akiwauzia spana watu waliokuwa wakitoka kwenye baa. Akasimama mbele ya meza ya Nereah, mama muuza omena, ambaye mwaka ule Wangila alikuwa amemtengenezea bomba la karibu na meza yake mara tatu.

"Niliiona ile spana kubwa yenye pengo mpinini," Nereah anasimulia, mikono kiunoni. "Nikaona na kijani. Nikajiambia, Nereah, hii unaijua. Lakini ukipiga kelele sasa hivi, watamuua huyu mtu hapa hapa, na damu yake nitaipeleka wapi?"

Basi akatabasamu. Akamwambia mgeni kuwa kaka yake ana karakana na atanunua gunia zima. Aliache gunia hapo, anywe chai kwanza kibandani kule mbele, yeye atalipa. Mtu alipogeuka, Nereah akazamisha vyombo ndani ya magunia yake ya omena, akakalia gunia moja, akamtuma binti yake Akeyo mbio hadi Kawangware kumwita Wangila.

Mgeni aliporudi akitaka vitu vyake, alimkuta Nereah amezungukwa na akina mama wa soko zima.

"Omera, ndugu yangu, vitu gani?" Nereah akamwuliza. "Hapa tunauza samaki. Nikupimie?"

Mtu huyo alitazama nyuso zile moja moja, akaondoka kwa mwendo uliogeuka mbio. Aliacha kiatu kimoja.

Jumanne saa moja asubuhi, vyombo vilikuwa mbele ya tajiri. Vilinuka hata tajiri akarudi hatua mbili, lakini kazi ilitolewa, na nyumba zote kumi na mbili zina maji mpaka leo.

Wangila alifuta yale maandishi siku hiyo hiyo. Na kwa sababu Nereah alikataa katakata kupokea zawadi, fundi alitafuta njia nyingine. Kila Jumanne na Ijumaa humbebea magunia yake kutoka soko la jumla hadi mezani pake bila malipo. Gunia moja hubaki juu ya lile sanduku la chuma mpaka jioni, kwa ridhaa ya mwenyewe. Tangu wakati huo hakuna aliyegusa vani.

"Watu wanauliza nani analinda gari langu," anasema. "Nawaambia ni Mungu, ni ukuta, na ni yule mama."

Januari ijayo binti yake Lenah ataanza kujifunza ufundi wa mabomba, msichana peke yake katika darasa lake. Baba ana ndoto ya kumwona siku moja akiendesha vani yake mwenyewe. Kwa sasa amemnunulia spana ya kwanza, na Sella ameipaka mikanda mitatu.

Lakini kwanza lazima ipelekwe Kisumu Ndogo. Ndio desturi ya fundi huyu siku hizi: kila chombo kipya kinapelekwa kikajulishwe kwa Nereah.

Nereah anaipokea kwa mikono miwili. Anaipima uzito, anapitisha kidole juu ya kijani, anaikariri kama sura ya mtoto mchanga. Kisha anainusa na kutikisa kichwa.

"Hii bado ya mtu yeyote," anasema, na kuizamisha ndani ya omena.