Herufi K Niliyoisoma Vibaya

Nikiri tu, kosa lilikuwa langu peke yangu. Mimi ni karani wa takwimu katika ofisi ndogo ya misaada huku Kansanga. Mwezi uliopita tulihesabu familia za wanajeshi kule Makindye, kisha bosi akaniambia nitafute nyumba zenye wasichana wengi tuwalipie karo.

Jedwali lilikuwa na safu iliyoandikwa WT_K. WT ni watoto, nikajisemea, na K ni wa kike. Karatasi ya maelezo ya vifupisho ilikuwa mezani, lakini mtu mwenye diploma kama mimi aisome ya nini? Nikachagua nyumba kumi na mbili zenye namba kubwa, nikawapigia simu akina mama waje Jumamosi kwa habari njema ya watoto wao.

Walikuja wote, wakaketi ukumbini. Nikamwita wa kwanza, Mama Adong, mjane wa sajini.

"Mama, mabinti zako wanne mbona hukuja nao?"

Akanitazama. "Mimi nina vijana wawili tu. Nani alikwambia nina mabinti?"

Nikamgeuzia kompyuta aione ile nne, huku natabasamu kama mjinga. "Hii hapa, mama. Ulisema mwenyewe."

"Ssebo, bwana," akasema polepole, "yule dada aliyekuja kuhesabu aliniuliza nimezika watoto wangapi. Nikamwambia wanne."

Nyuma yake akina mama kumi na mmoja walikuwa wananitazama.