Mtamba wa Paskalina na Silinda Hedi Iliyopanuliwa

Nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia. Gari langu lilikwama kwenye mlima wa kuingia Dongobesh siku ya harusi ya binti yangu Paskalina: hilo nililiona, maana mimi ndiye niliyeshika usukani. Kwamba bibi harusi mwenyewe alilisukuma, hilo nililisikia tu. Nilikuwa nikitazama mbele, na kioo cha pembeni kilikwisha kuvunjika (msiniulize lini). Aibu ninayoisimulia ni yangu, wala simtafuti wa kugawana naye.

Nilifundisha sayansi miaka mingi, na darasani mtoto aliyesema "wanasema" nilimsimamisha mpaka amtaje aliyeona. Serikali ilipofungua biashara kwa watu binafsi nikanunua pikapu kuukuu ya dizeli ya kubebea vitunguu saumu kutoka Bashay, ikawa inapanda milima kwa kukohoa. Ndipo nikaanza kusikia, mnadani na hata nje ya kanisa, habari za fundi mmoja wa Katesh aliyeuza silinda hedi, yaani vifuniko vya juu vya injini, zilizopanuliwa matundu ya hewa na moshi, eti gari likifungwa hedi hiyo linapita mabasi mlimani. Sikumuuliza hata mmoja wao kama aliliona. Nilikaa siku tatu nikipima kama faida inalingana na gharama, nikaandika hesabu nzuri sana, kila kitu mahali pake isipokuwa ushahidi, kisha nikamuuza mtamba niliyemwahidi Paskalina kwamba atakwenda naye kwa mumewe, nikanunua hedi. Yeye aliniuliza jambo moja tu.

"Baba, huyo fundi amesema gari linaumwa nini?"

Nikamjibu kwamba mambo ya injini si ya jikoni. (Fundi hakusema, kwa sababu sikumuuliza, nilikwenda kununua dawa, sikwenda kupimwa.)

Siku ya harusi nilikataa gari la mjomba wake, nikitaka watu waione hedi yangu ikifanya kazi, ingawa padri alikuwa ameonya kwamba ana misa nyingine Masieda na hatasubiri mtu. Katikati ya mlima gari likatoa moshi mweusi, likaishiwa nguvu. Wanakwaya waliopanda nyuma wakashuka kusukuma. Paskalina naye akashuka, akisema anapunguza uzito. Nilimwona akitoka mlangoni, basi. Nyuma nikasikia sauti ya mwanafunzi wangu wa zamani: "Sukumeni, jamani, mwalimu asirudie darasa."

Dereva wa trekta aliyekuwa akishuka mlima akasimama.

"Shikamoo, mwalimu. Ea klina umeifungua lini?"

Nikaitikia marahaba, nikamfungulia boneti. Akafungua kile kikopo cha kuchujia hewa, na humo panya walikuwa wamejenga kiota cha maganda ya vitunguu saumu, vitunguu vyangu mwenyewe. Habari za hedi zilikwisha kumfikia, kwa hiyo akasema kwa upole, jambo lililoniuma zaidi: "Umepanua vyumba, mwalimu, na mlango umeziba."

Akakitoa kiota kwa mkono, gari likapanda. Kama hedi iliongeza chochote, siwezi kusema, sikuipima. Nimeapa kutoamini tena neno ambalo ningeweza kulikagua kwa bisibisi.

Tulimkuta padri akiwa bado na kanzu yake, ila pikipiki yake imekwisha kugeuzwa. Kabla ya kuvishwa pete, Paskalina alivua glavu zake nyeupe akanikabidhi mimi. Viganja vyote viwili vya glavu hizo vilikuwa na kutu, na katika cha kulia ilionekana alama ya bolti ya mlango wa nyuma wa gari langu.