Tundu la Mkanda

Shangazi Cynthia huchapa kazi za watu hapa Nyanchwa, juu ya meza ya cherehani ya babu. Cherehani yenyewe iliuzwa babu alipofariki. Shingo ilipoanza kumuuma, alinunua mkono wa chuma wa kushikilia skrini mbili za kompyuta. Alichagua wa kubana ukingo wa meza, ili isitobolewe.

Ijumaa, fundi Okoth alijaribu kuubana. Ukingo ulikuwa mnene mno.

“Kuna bolti kwa boksi, madam. Nitoboe tu, ni mbao.”

“Utoboe meza ya baba yangu? Nitaanza kukutoboa wewe!”

Okoth akacheka, akaweka drili chini. Shangazi akapapasa meza polepole, kidole kikaingia kwenye tundu ambamo mkanda wa cherehani ulipita kwenda kwenye gurudumu la chini.

“Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama baba alikuwa anautoa mkanda hapa, anauweka kwa droo. Hakuna mtu angeshona Sabato.”

Okoth akaipitisha bolti kwenye tundu hilo, ikaingia vizuri. Skrini zikasimama, shingo ya shangazi ikanyooka. Nje jua lilikuwa linashuka. Shangazi akazima kompyuta, akachomoa waya, akauweka kwa droo ileile.