Ezekieli Sikumpata Haraka

Jumapili iliyopita, baada ya ibada hapa Kitengela, vijana wa kanisa letu walikaa na simu zao wakibishana kuhusu Yuda. Mmoja alisema alijinyonga, mwingine akasema hapana, alianguka akapasuka tumbo, na kila mmoja alikuwa na mstari wake mkononi. Walikuwa wanacheka. Nilichukua mkoba wangu nikatoka nje, na mchungaji akadhani nimeugua. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekumbuka nyumbani kwa Koko, na hiyo, rafiki yangu, ni habari ambayo sijawahi kuisimulia mpaka mwisho.

Koko ndivyo tulivyomwita nyanya, mama yake baba. Boma lake lilikuwa nje ya Isinya, wakati ambapo ungesimama mlangoni ukaona mbuzi wa watu mpaka wawe vidoa tu. Mama yetu alifariki akimzaa mdogo wangu, kwa hiyo sisi wasichana wawili tulilelewa na Koko. Kila Jumamosi asubuhi nilisafisha vibuyu vya maziwa: unachoma kijiti cha mzeituni wa porini, unakiingiza kikiwa na moto, unasugua mpaka moshi ushike ndani. Mdogo wangu alikaa kando yangu akikohoa kwa ule moshi na kukataa kuondoka. Chai ya maziwa yale ilikuwa na ladha ambayo sijaipata tena mahali popote.

Mchana alikuja mwinjilisti kwa baiskeli, koti limefungwa vifungo vyote hata jua likiwaka. Alikuja pia jirani yetu, mama Mkamba aliyefanya kazi kwenye shamba la maua, vidole vimechanwa na miiba ya waridi. Koko hakujua kusoma, lakini hakusahau alichosomewa, na habari mbili zisipolingana alijua mara moja.

"Pale kaburini malaika alikuwa mmoja ama walikuwa wawili?" angeuliza. Au: "Ni Mungu alimsukuma Daudi ahesabu watu, ama ni Shetani? Juzi ulisema Mungu. Leo unasema Shetani."

Mwinjilisti alijibu, jirani akampinga, na Koko akaongeza chai kwa furaha. Msomaji nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la tano, na fahari yangu ilikuwa kupata mstari kabla mwinjilisti hajamaliza kuutaja.

Baba alikuwa na lori la kubeba ng'ombe kutoka soko la Bisil. Siku moja ya soko alirudi baada ya kushusha mzigo Kitengela, na taa moja ya mbele ilikuwa imevunjika. Hakula. Alimwita Koko nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa ndani ya kibanda cha kuku nikiokota mayai, nikasikia yote. Karibu na Bisil, msichana aliyekuwa akichunga mbuzi aliingia barabarani. Baba hakusimama.

"Niliangalia kwa kioo," alisema. "Hakuwa anasonga."

Koko akamwambia alifunike lori kwa turubai. Watu waliambiwa injini imeharibika. Lakini siri ile ilimlemea Koko, na Jumamosi iliyofuata alimwambia mwinjilisti ili amsaidie kuomba. Jirani yetu alikuwepo, naye akasikia. Mwinjilisti alimtaka baba aende Bisil. Baba hakwenda.

Haikupita wiki nyingine, mdogo wangu akaamka na homa. Alikuwa na miaka minne. Kufikia mchana shingo yake ilikuwa imekakamaa na mwanga ulimfanya alie. Ilikuwa Jumamosi, basi wakaja kama kawaida, mwinjilisti na jirani, wakamkuta amelazwa juu ya ngozi karibu na mlango.

"Hii si malaria," mwinjilisti alisema. "Baba yake anajua ni nini. Akiri kwanza kwa watu wa Bisil, ndipo mtoto atapona." Akaniambia nisome Kutoka, mlango wa ishirini. Niliupata upesi. Nilisoma kwamba Mungu huwaadhibu watoto kwa maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne. Sauti yangu haikutetemeka. Hata siku ile nilijivuna.

"Soma na Ezekieli," jirani alisema. "Pale imesema mtoto hatabeba dhambi ya baba yake. Soma, halafu tumpeleke huyu mtoto hospitali Kajiado."

Ezekieli sikumpata. Nilipita Isaya, nikaangukia Danieli, nikarudi nyuma, kurasa zikashikamana. Wote watatu walinisubiri. Nilipoufikia mlango wa kumi na nane, mwinjilisti alisema maneno yale yaliandikiwa watu wa uhamishoni. Jirani akasema Mungu ni yule yule. Koko, kwa sauti ile ile ya Jumamosi zote, akauliza, "Sasa ni gani iko kweli?" Wakaendelea, na katikati yao mdogo wangu alikuwa akisaga meno.

Nilitoka nje. Baba alikuwa ameketi kwenye kivuli cha lori, funguo mkononi. Aliogopa taa ile iliyovunjika ionekane Kajiado.

"Baba, amegeuza macho," nilimwambia.

Alinitazama. Hakuinuka.

Jirani ndiye aliyemfunga mtoto mgongoni kwa leso bila kuomba ruhusa ya mtu, akaenda barabarani nusu akikimbia. Pikapu ya maziwa iliwabeba. Hospitalini waliambiwa mtoto alipaswa kuletwa tangu asubuhi. Alifariki kabla jua halijatua.

Tulimzika kando ya boma, tukaweka mawe juu. Mwinjilisti alipomaliza kuomba, alisema Neno la Mungu halirudi bure. Koko alimwuliza, bila kupaza sauti, "Na yule mtoto wa Bisil, yeye alikuwa analipa dhambi ya nani?"

Mwinjilisti alifungua Biblia, akaifunga. Alipanda baiskeli yake bila kunywa chai, na hakuja tena.

Kesho yake baba aliondoa turubai, akaendesha lori hilo mpaka Bisil, akamtafuta baba wa yule msichana. Wazee ndio waliozuia asiuawe, wakampeleka polisi. Alifungwa miaka mingi. Alipotoka alichunga mbuzi wa watu mpaka alipokufa, na jina la mdogo wangu sikulisikia tena kinywani mwake.

Koko hakuniambia nisome tena. Mwaka nilioolewa nilimweleza kilichokuwa kikinila: kwamba kama vidole vyangu vingempata Ezekieli upesi, labda wangempeleka hospitali mapema. Alinishika mkono.

"Wewe ulisoma yale yameandikwa," alisema. "Sisi tulikuwa watu wazima, na mtoto alikuwa anachemka hapo mbele yetu."

Sasa nimesoma maelezo ya wataalamu kuhusu mistari ile miwili. Ni maelezo mazuri, siyapingi. Lakini mtu akianza kunieleza, huwa natafuta sababu ya kuondoka.

Koko alipofariki, ndugu zake baba waliuza ardhi, ikakatwa ploti. Pale palipokuwa na boma pana kuta za mawe, matangi ya maji na mageti meusi. Mwaka jana nilikwenda na jirani yetu, ambaye sasa ni mzee na anatembea kwa mkongojo, tukayatafuta yale mawe ya kaburi. Tulizunguka kati ya kuta mpaka askari wa geti moja akatuuliza tunamtaka nani.

"Tunatafuta mtoto," jirani alimjibu.

Kijana wa watu aliingiwa na wasiwasi, akatoa simu yake. Akauliza mtoto amepotea lini, na alikuwa amevaa nguo gani.