Kidole Gumba Juu ya Neno Dogo

Siku ninayoikumbuka kuliko zote nilizoishi Guangzhou kule China, mwanangu, ni siku niliyonunuliwa wali na kuku na baba wa msichana niliyetaka kumwoa, nikashindwa kumaliza sahani. Umeniuliza juu ya huo mchezo wa kubashiri bei za fedha kwenye simu. Ningeweza kukujibu kwa maneno mawili, lakini mficha uchi hazai, kwa hiyo acha nikueleze yote.

Nilikuwa kijana, dalali pale Zhanxi, kwenye viatu vya jumla karibu na stesheni ya treni. Wafanyabiashara wakija kutoka nyumbani niliwazungusha madukani, nikawatafsiria bei, nikasimamia katoni zao mpaka zifike kwenye kontena. Kamisheni ilinitosha chakula na kitanda. Mbeya nilikuwa na mchumba, jina lake Upendo. Sisi wawili tulikwisha kukubaliana, bado baba yake tu kuipokea posa. Wenzangu walinitania kila siku: mkono mtupu haulambwi, wewe utakwenda ukweni na nini, na katoni za watu?

Ndipo nikaanza kujifunza mchezo ule. Hununui dola wala pauni. Unaweka dau kwamba bei ya fedha moja dhidi ya nyingine itapanda au itashuka. Kila pointi inayokwenda upande wako unalipwa, kila pointi inayokwenda kinyume unalipa wewe, na usipoangalia utadaiwa zaidi ya ulichoweka. Tena kuna bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na pengo la katikati ni la mwenye mchezo, kwa hiyo unaanza ukiwa tayari uko nyuma. Ili ujifunze bila kuumia, wanakupa kwanza akaunti ya mazoezi yenye hela za bandia. Hilo ni jambo jema, sina ugomvi nalo.

Ugomvi ninao na yule kijana niliyekuwa. Hela za bandia zilinikaa vizuri mno. Nilibashiri kwenye foleni, nilibashiri nimekalia mzigo wa mteja, na zilipoisha nilibonyeza kitufe zikajaa upya. Ziliisha hivyo si mara moja wala mbili. Lakini mara ya mwisho zilipanda, zikapanda tena, mpaka nikaanza kutembea kwa madaha kama mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi. Sikumwambia mtu kwamba ni zangu. Niliacha tu watu wachungulie, wakaanza kuniita Bosi, nami nikaitika.

Basi Baba Upendo akaja kununua mzigo. Alikuwa na duka la viatu Mbeya, mzee mpole, mtu wa maneno machache. Asubuhi ya kwanza tuliingia duka moja, na laoban, ndivyo tulivyowaita wenye maduka kule, akamshikia kiatu cha ngozi, akakigeuza huku na huku kwa ufundi. Mzee akatazama, kisha akaniambia, "Mwambie aondoe kidole." Laoban alikuwa amekandamiza kisigino kwa kidole gumba. Alipokiondoa, soli ikafunguka, gundi imeachia. Tulicheka wote, laoban naye akacheka.

Tulipotoka nje mzee akasema, "Mimi kiatu nakiangalia baadaye. Kwanza naangalia mtu anakishika wapi."

Ningekuwa na akili ningelichukua neno hilo kama onyo. Nililichukua kama utani, nikamsifu.

Mchana tukapanda ghorofani kula kwa mama mmoja wa Kikongo. Mzee akaniuliza bila kunibana, "Kijana, ukiacha hizi kamisheni, una nini cha kuanzia maisha?" Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilitoa simu kabla hajamaliza kunawa mikono.

"Nina biashara ya fedha, Mzee. Nilianza kidogo kidogo, sasa imefika hapa."

Akavaa miwani, akasoma tarakimu zile taratibu. "Hongera. Hizi ni hela nyingi." Nikamwona Upendo ndani ya shela. Mzee akaendelea, "Basi leo nilishe wewe mkwe wangu. Toa humo hata za sahani mbili."

"Kuzitoa kunachukua siku kadhaa, Mzee."

"Mimi nipo wiki nzima. Toa leo, tutakula Ijumaa."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia pale mezani. Nilianza kueleza habari za benki na saa za Ulaya, ulimi unakimbia. Mzee hakuwa akinitazama usoni. Alikuwa akiutazama mkono wangu.

"Ondoa kidole, mwanangu."

Kwenye kona ya kioo kulikuwa na neno dogo, nami nilikuwa nimelifunika kwa kidole gumba tangu nitoe simu mfukoni. Naapa sikupanga kufanya hivyo, mkono wenyewe ulijua. Nikakiondoa. Akaniuliza neno lile linasema nini.

"Mazoezi," nikasema. "Ni hela za mazoezi."

Akavua miwani, akaikunja. Neno la Kichina alilokuwa amelishika tangu asubuhi ni lile la kila laoban akiulizwa saizi asiyo nayo. "Kumbe meiyou," akasema. Yaani, hakuna. Hakulisema kwa kejeli, na heri angelisema kwa kejeli. Akaita mama, akalipa chakula chake na changu.

Wiki nzima tulifanya kazi pamoja kama kawaida, na mwisho akanilipa kamisheni yangu yote bila kupunguza hata senti. Hilo liliniumiza kuliko tusi. Siku ya kuagana, katoni zimekwisha kupakiwa, ndipo akasema, "Ungeniambia unajifunza, ningekusikiliza. Binti yangu ningempa hata dalali, mimi mwenyewe nilianza kwa kupiga viatu rangi barabarani. Lakini kila siku nitakuwa nautafuta mkono wako uko wapi. Siwezi."

Upendo alinipigia mara moja tu. "Ulimwonyesha baba nini?" Nikasema mtandao ni mbaya, simsikii. Leo ana mume na watoto, namwombea heri, na swali lake bado sijalijibu. Baadaye niliweka hela zangu za kweli kwenye mchezo ule. Kila bei ilipokwenda kinyume kidogo nilikurupuka kujitoa, hela zikaisha upesi, na safari hii hapakuwa na kitufe cha kuzijaza.

Sasa sikiliza, mwanangu. Ukitaka kujifunza mchezo huo, jifunze kwenye hela za bandia, ukosee humo mpaka uchoke. Ila ujue zinakufundisha mahali pa kubonyeza, hazikufundishi woga wako, na woga ndio utakaocheza siku hela zitakapokuwa za kweli. Ada, kodi na mtaji wa mtu mwingine usivipeleke huko kamwe. Na mtu akikuuliza una nini, mwambie ulicho nacho, kisha mwambie na usicho nacho, kabla hajakiona mwenyewe. Anayejifunza hana aibu. Mimi aibu yangu ilikuwa kulifunika neno linalosema kwamba najifunza.

Mungu akubariki, mwanangu. Akujalie riziki ya kweli hata ikiwa ndogo, itoshe sahani mbili za wali siku mkwe wako atakapokuja, na siku hiyo vidole vyako visiwe na la kufunika.