Fundi Aliyempima Mjukuu Kila Siku

Fundi cherehani huyu hakuwa mtu wa kutumia futi. Alikutazama tu ukianza kuvuka barabara, na ukifika ng'ambo suruali yako ishakatwa, na kitambi unachokificha kimeachiwa nafasi. Ndiyo maana mkewe alishangaa kumwona, tangu mjukuu azaliwe, akiingia chumbani kila asubuhi na futi shingoni.

"Nampima mtoto."

"Jana si ulimpima?"

"Watoto wanakua, mama."

Mkewe alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Fundi alikuwa na lake jambo. Mwanawe, baba mtoto, alikuwa akimwogesha kichanga mwenyewe kwenye beseni, mkono mmoja chini ya kisogo, mwingine ukipitisha sabuni makwapani, huku akimwimbia. Mwanamume mzima, na ndevu zile! Enzi za Fundi, baba aliletewa mtoto ameshaoga, ameshashiba, akamtazama kama anayekagua kazi ya mwenzake, kisha akarudi kwenye mashine. Kumbeba kulikuja baadaye, miguu ikishapata akili. Sasa Fundi alitaka kujua: kana uzito gani kale kadude? Kananukaje shingoni? Ila kuomba ashikishwe mtoto, tena kwa mwanawe? Afadhali ameze sindano.

Basi akawa anapima. Bega, kiuno, mguu, na kidole kikigusa shavu eti bahati mbaya.

"Baba," mwanawe akasema asubuhi moja, "kisigino tena? Nguo gani ina kisigino?"

"Soksi."

"Tangu lini unashona soksi?"

Fundi akakunja futi. Mwanawe akamtoa mtoto majini, akamviringisha kwenye taulo, akamweka mikononi mwa baba yake bila kuuliza. Fundi akamlaza kwenye viganja vilivyonyooka, kama kitambaa kinachosukumwa kwenye sindano, na mtoto akapiga yowe la kuamsha mtaa.

"Si hivyo, baba. Mkunje kidogo. Mlete kifuani. Eeh."

"Nani alikufundisha haya? Mimi sikukufundisha."

"Hakuna. Alilia, nikajaribu, akanyamaza."

"Ni hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Fundi akajaribu. Yowe likapungua, likawa kwikwi, likaisha. Pua yake ikazama kwenye shingo ile, ikakaa huko huko.

"Haya, nipe nimvalishe," mwanawe akasema.

"Nenda kamwage maji," Fundi akamjibu. "Huoni tunazungumza?"