Kwenda Rugera na Mwalimu wa Kusema

Shangazi yangu alikuwa na mbwa asiyebweka. Fisi alichukua mbuzi, mbwa yule akimwangalia tu kama mgeni aliyealikwa. Shangazi akamtetea: "Habweki, lakini anajua kila kitu!" Basi na sisi watu wa Kiruruma barazani tulikuwa hivyo hivyo. Mkungu wetu, mkuu anayetutawala kutoka Rugera, alituambia rweya atampa mfanyabiashara wa ng'ombe, tukainamisha vichwa. Na rweya ndiyo mbuga tunakokata nyasi za kutandika migomba. Bila nyasi kibanja, shamba letu la migomba, kinakufa. Ndiyo maana nilisafiri.

Alfajiri nikatoka na shemeji yangu Petro, yeye kabeba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, twende Kihanga kwa mwalimu Zakaria. Huyu ni mtu wa Muleba. Zamani alifundisha wahubiri kanisani. Akaona wakulima nao wana midomo, akawa anapita vijijini kuwafundisha kusema mbele ya wakubwa. Viatu alivaa, ila kimoja hakikuwa na kamba. Sijui kwa nini nakumbuka hicho.

Kihanga tulimkuta uani.

"Shikamoo mwalimu. Tumekuletea rubisi, uje utusemee."

"Marahaba. Rubisi nimeipokea. Hilo la pili tutazungumza njiani."

Njia ya Rugera yote alinisumbua mimi. "Anza na maneno ya mkungu. Yaseme vizuri kuliko yeye."

"Kwani si wewe utakayesema?"

Kila nikimkatiza, ananitia mdomoni buni ya kuchemshwa. Kwetu anayetafuna kahawa ya mwenyeji haulizwi neno mpaka amalize. Petro akacheka: "Shemeji, mpaka tufike utakuwa umemaliza shamba la mtu!"

Rugera, baraza lilikuwa limejaa. Mkungu akapitisha kikapu cha kahawa. "Nani anawasemea?"

Sote tukamtazama Zakaria. Akachota konzi nzima, akajaza mdomo mpaka mashavu yakavimba, akaninyooshea kidole. Mjanja yule! Kahawa ni ya mkungu mwenyewe, angemuulizaje?

Nikasimama. "Waitu," nikasema, kama tunavyowaita wakubwa, "wewe unasema ng'ombe watatupa samadi, na wanunuzi watafika mpaka huku. Ndivyo?"

"Ndivyo. Hata mimi sikulisema vizuri hivyo."

"Sasa waitu, samadi hiyo tutaiweka kwenye migomba gani, ikiwa nyasi hakuna na migomba imekauka?"

Wazee wakaguna. Petro akapaza sauti: "Na rubisi ya mkungu itatoka wapi?" Baraza zima likacheka, na mkungu naye.

"Endelea," akasema.

Nikaendelea. Rweya haikutolewa, nyasi zake ndizo zilizotandikwa kwenye kibanja ninachokitazama nikisimulia haya. Tulirudi Kiruruma tukiimba, na tangu hapo sijaogopa baraza: mtu akisikia umemwelewa sawasawa, hana haraka ya kukufukuza.

Lakini tulirudi wawili. Mkungu aliposema "endelea," nilimwona Zakaria kwa pembeni akitema makapi ya kahawa. Akaokota fimbo yake, akashika njia ya Kyerwa, kiatu kikimpwaya. Kihanga hakurudi, na kwetu hakufika.